Huduma za Afya Penye Umati: Ushahidi Uko Wapi?

Katika mechi ya watani wa jadi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, katika mbio za Kilimanjaro mjini Moshi, katika maonesho ya Sabasaba, mikutano ya injili, sherehe za Maulidi na mikutano ya kampeni, kuna jambo moja linalofanana. Pembeni pana hema, gari la wagonjwa, na vijana wa huduma ya kwanza waliovaa vizibao vya kuwatambulisha. Mwananchi akiliona hema hilo hutulia moyo. Huamini kwamba yupo mtu aliyekaa akapiga hesabu: wahudumu wangapi, machela ngapi, maji kiasi gani, na gari liegeshwe wapi. Ana haki ya kuamini hivyo. Swali ni kama hesabu hiyo imepigwa kweli, na kama imepigwa, imejengwa juu ya nini.

Jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa ya yanayofanyika ndani ya hema hilo, hapa nchini na hata katika nchi tajiri, hutegemea uzoefu na makubaliano ya wajuzi kuliko tafiti imara. Kukiri hivyo si kuwavunjia heshima wahudumu wanaosimama juani kutwa nzima, bali ni kuwatetea. Mhudumu anayeagizwa kufanya jambo anastahili kujua kama jambo hilo limethibitishwa, linakisiwa, au limerithiwa tu kutoka kwa waliotangulia.

Shirika la Afya Duniani hueleza mkusanyiko mkubwa kuwa ni tukio, liwe limepangwa au halikupangwa, linaloleta watu wengi mahali pamoja kiasi cha kuweza kuelemea uwezo wa eneo husika kupanga na kutoa huduma. Maelezo hayo hayategemei idadi ya watu peke yake. Watu 3,000 uwanjani jijini, karibu na hospitali ya rufaa, wanaweza wasiwe mzigo mkubwa; watu hao hao wakikutana kwenye maziko katika kata yenye zahanati moja na muuguzi mmoja, ni mkusanyiko mkubwa kwa kila hali. Kwa hiyo suala hili linamhusu mganga mfawidhi wa zahanati kama linavyomhusu daktari wa timu ya taifa.

Ushahidi wa kitabibu hupangwa kwa ngazi. Chini kabisa yako maoni ya mjuzi. Juu yake kuna taarifa ya tukio moja: tulihudumia wagonjwa wangapi, walikuwa na malalamiko gani. Hupanda tena kwa tafiti zinazolinganisha matukio mengi au makundi mawili ya watu. Juu zaidi ni majaribio yanayogawa watu katika makundi kwa bahati nasibu, na kileleni ni mapitio yanayokusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja. Maandiko mengi kuhusu tiba ya mikusanyiko yako kwenye ngazi mbili za chini. Ni simulizi za matukio, zenye faida, lakini haziwezi kumwambia mtu kama huduma aliyoitoa ndiyo iliyomponya mgonjwa au angepona tu.

Madhara ya kutegemea ngazi za chini yalionekana wazi katika mbio ndefu. Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe maji mengi kadiri wawezavyo, wasisubiri kiu. Ushauri huo ulisikika kuwa wa busara. Nani angepinga maji chini ya jua? Mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston nchini Marekani. Asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu kwenye damu, na watatu kati yao walikuwa katika kiwango cha hatari kwa maisha. Walioathirika zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa maji kuliko walivyotoka jasho. Katika mbio hizo hizo mkimbiaji mmoja alifariki kutokana na hali hiyo. Leo ushauri unaokubalika ni kunywa kwa kufuata kiu. Mhudumu wa hemani anayekutana na mkimbiaji aliyechanganyikiwa, anayetapika na kulalamika kichwa, asikimbilie kumwongezea maji bila kuuliza amekwisha kunywa kiasi gani. Wema usiopimwa unaweza kuua.

Mfano wa pili unatoka Hija. Barakoa zimependekezwa kwa mahujaji kwa muda mrefu ili kupunguza maambukizi ya njia ya hewa. Katika misimu mitatu, 2013 hadi 2015, watafiti waligawa mahema 318 yenye mahujaji 7,687 kwa bahati nasibu: baadhi ya mahema yalipewa barakoa na maelekezo, mengine hayakupewa. Matokeo hayakuonesha kuwa barakoa zilipunguza maambukizi. Baadhi ya watu walisoma hapo na kuhitimisha kwamba barakoa hazifai. Lakini ni karibu robo tu ya waliopewa walizivaa kila siku, na wapo waliokuwa katika mahema yasiyopewa ambao walivaa za kwao. Jaribio hilo lilipima zaidi matokeo ya kuwapa watu barakoa katikati ya joto na msongamano kuliko matokeo ya kuzivaa. Kusema "haijathibitishwa kuwa inafaa" ni tofauti na kusema "imethibitishwa kuwa haifai." Mtumishi wa afya asiyetenganisha kauli hizo mbili humpotosha mgonjwa, hata akiwa amesoma utafiti mzuri.

Hata hivyo, si kila kitu kiko gizani. Yapo mambo yenye ushahidi wa kutosha, na hayo ndiyo yanayopaswa kupewa fedha kwanza.

La kwanza ni moyo uliosimama ghafla. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, maeneo 993 ya jamii nchini Marekani na Kanada, kama vile maduka makubwa na majengo ya makazi, yaligawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi, raia wa kujitolea walifundishwa kukandamiza kifua peke yake. Katika mengine walifundishwa pia kutumia mashine ya kushtua moyo. Waliopona hadi kuruhusiwa kutoka hospitali walikuwa 15 katika kundi la kwanza na 30 katika kundi la pili. Huo ni ushahidi wa ngazi ya juu, na waliookoa maisha hayo hawakuwa madaktari. Uwanja unaochukua watu 60,000 bila mashine hiyo inayofikika ndani ya dakika chache una upungufu ambao hema lenye dawa nyingi haliwezi kuufidia.

La pili ni kiharusi cha joto kinachompata mtu anayejitahidi kimwili. Katika mbio za Falmouth, jimboni Massachusetts, wagonjwa 274 walitibiwa katika kipindi cha miaka 18 kwa kuzamishwa mara moja kwenye beseni la maji yenye barafu hapo hapo uwanjani, kabla ya kupelekwa hospitali. Wote waliishi. Hakuna bahati nasibu iliyotumika, na haitatumika, kwa sababu hakuna mwenye dhamiri atakayemnyima nusu ya wagonjwa tiba ya namna hiyo ili alinganishe. Kwa hiyo kukosekana kwa jaribio la bahati nasibu si lazima kuwe udhaifu. Wakati mwingine matokeo ni dhahiri kiasi kwamba kusubiri jaribio ni kosa. Beseni kubwa, maji, barafu na kipimajoto cha njia ya haja kubwa si vifaa vya anasa. Vinahitaji tu mtu anayejua kwamba mgonjwa wa namna hii hupozwa kwanza, kisha husafirishwa.

La tatu ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na hapa Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja. Baada ya Hija ya mwaka 1987 kuzuka mlipuko wa ugonjwa huo, aina ile ile ya bakteria ilitambuliwa katika mlipuko uliolikumba jiji la Nairobi mwaka 1989. Mkusanyiko wa Makka uliacha alama kwenye vitanda vya hospitali zilizo maelfu ya kilomita mbali. Ulipotokea mlipuko mwingine wa aina tofauti mwaka 2000 na 2001, Saudi Arabia iliweka sharti la chanjo inayokinga aina nne za bakteria hao, na milipuko ya ukubwa ule haikujirudia kwa mahujaji. Ushahidi huu ni wa kufuatilia mwenendo wa ugonjwa, kwa hiyo mtu mwangalifu atasema kwamba huenda hatua nyingine nazo zilichangia. Lakini ukiunganishwa na yanayojulikana kuhusu chanjo yenyewe, unatosha. Hujaji anayetafuta cheti bila kuchomwa chanjo hamdanganyi ofisa wa uhamiaji peke yake. Anajidanganya mwenyewe pamoja na jirani atakaomkuta nyumbani.

Kati ya yaliyothibitishwa na yasiyojulikana kuna eneo pana la mashaka. Miongozo mingi duniani hutaja idadi ya wahudumu wanaohitajika kwa kila maelfu ya watu, na idadi hizo nyingi zimetokana na makubaliano. Miongoni mwa juhudi zinazofahamika za kuzipatia msingi ni utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001, uliokusanya matukio 201 yaliyohudhuriwa na zaidi ya watu milioni 12. Waliohudumiwa walikaribia 12,000, yaani wastani wa mtu mmoja kwa kila elfu. Lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa. Joto na unyevunyevu wa hewa, kuwa watu wameketi au wanatembea, kuwa eneo limezungushiwa uzio au liko wazi, yote hayo yalihusiana na idadi ya wagonjwa. Wastani wa Australia hauwezi kuchukuliwa ulivyo na kupandikizwa Temeke, wala Moshi, wala Kigoma. Kila mahali panahitaji hesabu yake.

Hapo ndipo penye tatizo. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba sehemu ina kiasi na asili: namba ya juu na namba ya chini. Taarifa nyingi za huduma kwenye mikusanyiko huwa na kiasi bila asili. Huandikwa kuwa watu 140 walihudumiwa, lakini haiandikwi walikuwa kati ya wangapi, kwa saa ngapi, katika joto la nyuzi ngapi. Namba hiyo haiwezi kulinganishwa na ya mwaka uliotangulia wala ya uwanja mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ni mali, na kila mkusanyiko unaokwisha bila daftari kamili ni mali iliyopotea.

Hasara hiyo hupimwa kwa maisha ya watu. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walifariki mjini Moshi katika msongamano kwenye mkutano wa kidini. Tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha jijini Dar es Salaam katika msongamano wakati wa kuuaga mwili wa Rais John Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru. Idadi ya vifo ilitangazwa, na taifa likaomboleza. Lakini anayepanga huduma ya mkusanyiko ujao anahitaji zaidi ya idadi ya vifo. Wa kwanza alianguka saa ngapi, na karibu na lango gani? Watu walikuwa wangapi katika kila mita ya mraba? Wangapi walifikishwa hospitali wakiwa bado wanapumua? Nani aliwakandamiza kifua, na baada ya dakika ngapi? Maswali hayo yasipojibiwa, msiba hubaki msiba wala hauwi somo.

Hata neno "kukanyagana" linalotumika kila yatokeapo majanga haya hupotosha. Uchunguzi wa maafa ya Hillsborough nchini Uingereza mwaka 1989, yaliyogharimu maisha ya watu 97, uliweka wazi kwamba watu wengi hufa wakiwa wamebanwa, kifua kikishindwa kutanuka kuvuta hewa. Hufa wakiwa wamesimama. Daktari aliyeko hemani, hata awe bingwa, hawezi kumfikia mtu aliyebanwa katikati ya umati kabla ubongo haujaharibika. Tiba ya msongamano iko kwenye malango, kwenye upana wa njia na kwenye uamuzi wa kuwazuia watu mapema, kabla nafasi haijajaa. Ushahidi wa hili umetoka kwa wahandisi na tume za uchunguzi, si kwa madaktari, na watumishi wa afya wanapaswa kuupokea bila wivu.

Wapo watakaosema kwamba umati haufanyiwi utafiti. Watu ni wengi, wanaingia na kutoka, na hakuna muda wa kujaza fomu mgonjwa akiwa amezimia. Hoja hiyo ina uzito, lakini si kamili. Mahema ya Hija yamekwisha kuonesha kuwa majaribio yanawezekana hata penye msongamano mkubwa. Jijini Barcelona, tarehe 12 Desemba 2020, kabla chanjo ya UVIKO-19 haijaenea, watu waliopimwa na kukutwa hawana maambukizi waligawanywa kwa bahati nasibu: 465 waliingia kwenye tamasha la muziki wakiwa na barakoa katika ukumbi wenye hewa ya kutosha, na 495 walibaki nje. Siku nane baadaye hakuna aliyekutwa na maambukizi kati ya walioingia, na wawili walikutwa nayo kati ya waliobaki. Idadi hizo ni ndogo mno kutangaza kwamba matamasha yote ni salama, na tahadhari zao ni vigumu kuziiga kila mahali. Kinachothibitishwa ni kwamba swali la umati linaweza kuulizwa kisayansi na kujibiwa.

Wengine watasema kwamba nchi yenye upungufu wa watumishi haiwezi kumudu tafiti. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye fedha nyingi anaweza kumwaga rasilimali kila kona akabahatisha. Mwenye kidogo ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha. Gari la wagonjwa linaloegeshwa kutwa nzima mahali lisipohitajika limeondolewa kutoka kwa mama mjamzito anayelisubiri kijijini.

Linalotakiwa kuanza nalo halihitaji maabara. Kila hema la huduma liwe na daftari la aina moja: umri na jinsi ya mgonjwa, saa aliyofika, lalamiko kuu, alichofanyiwa, na alikoelekea, yaani nyumbani, hospitali au kurudi uwanjani. Jina si lazima, na heri lisiandikwe, ili siri ya mgonjwa ihifadhiwe. Ukurasa wa kwanza ubebe asili ya hesabu: idadi ya waliohudhuria kwa mujibu wa tiketi au makadirio ya polisi, saa za kuanza na kumaliza, joto na unyevunyevu kwa taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kama watu waliketi au walisimama. Mganga Mkuu wa Wilaya apewe nakala. Mamlaka inayotoa kibali cha mkusanyiko ifanye taarifa hiyo kuwa sharti la kibali kinachofuata. Vyuo vikuu vya tiba vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Madaftari hayo yangewatosha kwa miaka mingi.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa dhamana ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa. Itakuwa aibu iwapo, wageni wakisharudi kwao, viwanja vitabaki lakini maarifa hayatabaki. Madaftari yaliyoanza kuandikwa sasa kwenye ligi, kwenye mbio na kwenye mikutano ya ibada yatakuwa na faida kwa mashindano hayo kuliko mwongozo ulionakiliwa kutoka nchi nyingine wiki moja kabla ya kipenga.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Nchini Ujerumani, wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, dharura za moyo katika eneo la Munich zilikuwa zaidi ya maradufu siku ambazo timu ya taifa ilicheza. Utafiti huo ulikuwa wa kulinganisha siku na siku, na hauwezi kumwambia shabiki wa Simba au Yanga hatari yake binafsi. Unatosha, hata hivyo, kumkumbusha mwenye shinikizo la damu asiache dawa nyumbani siku ya mechi, na mwenye maumivu ya kifua asisubiri filimbi ya mwisho ndipo aende hemani.

Naye akifika hemani, akaulizwa umri wake, saa aliyoanza kujisikia vibaya na kiasi cha maji aliyokunywa, asione anapotezewa muda. Majibu yake yakiandikwa vizuri yatamsaidia kutibiwa leo, na yatamsaidia pia mtu asiyemjua, atakayeletwa kwenye machela ile ile msimu ujao.